Jina la Zamani la Tansy

Bandari ya Granton
3 Septemba 1919

Shemeji yangu Elspet,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila kikohozi, na kikohozi chenyewe ni cha vumbi la rangi wanayoikwangua humu. Msalimie mama mkwe wako, japo najua hapendi salamu za karatasi.

Meli yetu Tansy imerudishwa. Jeshi la Wanamaji limetia saini, limechukua mzinga wake na saa yake ya ukutani, limetuachia kutu. Mzinga uliposimama pamebaki duara la matundu ya bolti, na mafundi wanayaziba moja moja. Winchi ya kuvutia wavu wa juya imerudi mahali pake. Chumba cha samaki walichokigeuza cha kulala watu kumi kimeng'olewa vitanda. Ajabu ni harufu. Miaka kumi na mmoja tulijaza humo samaki, miaka minne tu watu, na bado kinanuka watu: tumbaku, soksi mbichi, supu ya mbaazi. Wamepaka chokaa mara mbili na harufu iko pale pale.

Mwenye meli alikuja Jumatatu. Akasema, "Leiper, kabla ya Krismasi nataka juya liwe majini. Na hili jina la ua la bustanini lifutwe. Meli ipewe jina lake la zamani."

Nikamwambia watu wa kwetu Torry hawatapenda.

"Watu wa Torry hawapendi chochote," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Yeye ni mtu wa kalamu, hajui. Jeshi lilipobadili jina mwaka wa kumi na tano, eti linafanana na la meli yao nyingine, sisi tuliozaliwa kwenye uvuvi tuliapa la zamani hatutalitamka tena. Baba yangu alinifundisha, na baba yako alikufundisha wewe: jina linalovuliwa meli huzama, na huko chini waliokufa maji huliokota. Ukilitaja, umewapa kamba ya kukuvutia.

Kwenye kabati la chumba cha mashine nimekuta viatu vya marehemu mumeo Wattie. Vina soli mpya. Alizitia Tebbutt, mpiga mzinga wetu, fundi viatu wa Northampton, na Wattie akaviweka vya kanisani. Nakutumia pamoja na samaki.

Lile swali langu la Julai liko pale nilipoliacha, mezani kwako karibu na birika.

Wako,
Jeems Leiper

*

Torry
9 Septemba 1919

Shemeji Jeems,

Viatu nimepokea, samaki tumekula. Wanawake wa nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi wamenicheka hadi mchana. "Wenzio huposwa kwa pete, wewe waposwa kwa kikapu cha samaki." Nikawaambia pete hailiwi. Asante kwa vyote viwili.

Swali lako nimelisikia. Wewe ni mtu mwema, hunywi sana, na tangu Wattie aondoke hujaacha mwezi upite mlangoni hapa bila kitu. Lakini kabla sijakujibu kuna jambo langu, na sijawahi kumwandikia mtu. Ukilijua na bado ukanitaka, basi.

Siku mliyong'oa nanga, tarehe nane Machi, mwaka wa kumi na saba, nilifua. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, jua likatoka, na fulana yake ya sufu ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Nilisahau siku. Nilipokwisha kuianika nikasikia honi yenu mkitoka bandarini, ndipo nikaikumbuka siku. Nimezaliwa mtaa huu, Jeems. Tangu nikiwa mdogo najua kuwa siku ya kusafiri hakufuliwi, kwamba ukimwaga maji ya povu unamsuuza mtu wako kutoka duniani. Siku tatu baadaye akawa hayupo.

Mama mkwe aliiona ile fulana kwenye kamba. Tangu siku ya habari hajala chakula nilichokipika mimi. Anapika uji wake mwenyewe, na haoni vizuri, anajiunguza vidole. Nikilia hunijibu neno moja tu: "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Miaka miwili na nusu tunaishi vyumba viwili namna hii.

Niambie ilivyokuwa siku ile. Uliniandikia mistari minne wakati ule, na mimi sikuwa na moyo wa kuuliza. Sasa nauliza. Na jina la zamani la ile meli usiliandike, hata kama mwenye meli amelirudisha.

Elspet Caie

*

Granton
15 Septemba 1919

Shemeji Elspet,

Hakuna mengi ya kuongeza. Tulikuta meli ya mzigo ya Wanorwe imeachwa na watu wake, inaelea kaskazini mwa Orkney. Wattie, kwa kuwa ndiye fundi mashine, alikwenda na mashua ndogo kuangalia kama boila yake itawaka tuivute. Murdo wa Lewis alimpigia makasia. Meli ikazama ghafla na wao wakiwa ndani. Hakuhisi kitu. Nilikuandikia hivyo na ndivyo nilivyowaandikia wakubwa.

Kuhusu kufua, wazee walisema waliyosema, na sisi tu watoto wao. Mimi sikulaumu. Usijisumbue na hilo.

Hapa kazi inaenda polepole. Mpaka rangi analalamika. "Nahodha, hii ya kijivu haitaki kukaa juu ya zile herufi za zamani. Naipaka leo, kesho zinachungulia." Nikamwambia aache, si zitaandikwa upya hata hivyo.

Jambo moja nikuambie ucheke. Juzi asubuhi ukungu uliingia bandarini. Nilikuwa peke yangu chumba cha usukani. Ile filimbi ya bomba la kusemea ikalia. Unajua fundi mashine akitaka kusema na nahodha hupuliza bomba kutoka chini, filimbi inalia juu, nami natoa kizibo nasikiliza. Chini hakuna mtu, Elspet. Boila iko baridi tangu Julai. Ikalia mara tatu, ya tatu ikiwa fupi. Nadhani ni upepo kwenye bomba. Kizibo sikukitoa.

Jeems

*

Torry
22 Septemba 1919

Jeems mpenzi,

Sikucheka.

Lakini nimesoma "mimi sikulaumu" mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Hukusema halikuwa kosa langu, ulisema hunilaumu, na mtu wa bahari hawezi kusema zaidi ya hapo. Nimechoka kuwa mwanamke aliyemfua mumewe. Nikiwa nyumba moja na mtu anayenijua na bado akala chakula changu, itanitosha.

Basi ndiyo. Novemba, baada ya msimu wa samaki wa heringi. Nimekwisha kuzungumza kanisani. Mama mkwe nimemwambia, akageuza kiti kutazama ukuta, ila hakunifukuza.

Nimemwandikia yule Tebbutt wa Northampton kumshukuru kwa soli. Nilipata anwani yake ndani ya kiatu cha kushoto, ameibandika kwa gundi. Nimemwomba, kama anakumbuka lolote la Wattie wa siku zile, hata mzaha, aniandikie. Viatu nimeviweka chini ya kitanda.

Wako,
Elspet

*

Granton
25 Septemba 1919

Elspet mpenzi,

Furaha yangu siwezi kuiandika. Mpaka rangi amesema natabasamu na anataka nyongeza.

Ila Tebbutt usimsumbue. Ni mtu wa bara, hakuwahi kuona bahari hadi walipomvalisha sare. Alikuwa akitapika toka Torry hadi Orkney. Mtu wa namna hiyo huona na kusikia mengi. Akikuandikia usiyatie moyoni.

Jeems wako

*

Northampton
29 Septemba 1919

Kwa Bi. Isa Caie,

Naanza kwa kuomba radhi, maana barua yako umetia saini Elspet. Nadhani Isa ni jina lako la nyumbani. Nitakueleza kwa nini nalijua.

Mama, mumeo alikuwa mtu mwema kuliko wote mle ndani. Mimi ni fundi viatu, sina asili ya maji. Wale wengine walikuwa na miiko mia: usipige mluzi, usimtaje nguruwe, usiseme hivi, usigeuze kifuniko vile. Kila nilichofanya nilikosea. Wattie ndiye aliyenishusha chumba cha mashine nipate joto, akanipa chai yenye sukari ya mgao wake. Aliniambia, "Tebbutt, hawa si wabaya. Wanaogopa tu, na wanaona aibu kuogopa mizinga, ndio maana wanaogopa nguruwe." Nilicheka hadi kichefuchefu kikakatika.

Siku ile ya mwisho nilikuwa kwenye mzinga, mbele kabisa, kwa hiyo nilisikia kuliko wengi. Ile meli ya Wanorwe tuliiona ikizama polepole, na mashua ya Wattie na Murdo ikiondoka ubavuni, wote wawili wamo. Niliwapungia mkono. Kisha ukungu ukashuka, hatukuona tena hata ncha ya mzinga wangu. Tukasimamisha mashine tusikilize. Wiki ile tulikuwa tumeonywa kuwa nyambizi ya Kijerumani iko karibu, na kwamba huita kwa Kiingereza kizuri ili meli zijibu. Kwa hiyo hakuna taa wala honi.

Kama robo saa hivi ikapita, ndipo nikamsikia. Alikuwa upande wa kushoto, si mbali, sauti yake kabisa. Hakuita "Tansy," wala hakuita "msaada." Aliita, "Isa Birnie! Isa Birnie!" Nikasema, huyo ni Wattie. Nikageuka niwaambie. Mama, sijawahi kuona nyuso za namna ile. Wote walikuwa wamevua kofia. Mmoja ameziba masikio. Nahodha alikuwa ameinua mkono hivi, tunyamaze. Nikasema, "Nahodha, ni mtu wetu, yuko pale." Akasema, "Aliye hai halitaji jina hilo." Sikumwelewa, na hadi leo sijamwelewa. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu ilifika "Isa" tu.

Asubuhi tulikuta mashua imepinduka.

Nimelibeba hili moyoni, na barua yako imenipa nafasi. Nimesikia wanawake wa Uskoti huitwa kwa jina la kwao hata wakiolewa, nikajua Isa Birnie ni wewe. Nilitaka ujue kwamba mumeo, mwisho kabisa, alikuwa anakuita wewe. Mimi ningekuwa mke ningependa kujua.

Soli zile zikilika, nitumie vile viatu. Sitakutoza.

Mtumishi wako,
Ernest Tebbutt

*

Torry
4 Oktoba 1919

Nahodha Leiper,

Naambatanisha barua ya Bwana Tebbutt. Isome halafu unijibu.

E. Caie

*

Granton
8 Oktoba 1919

Elspet,

Nimeisoma. Tebbutt hasemi uongo, lakini hakuwa na dhamana ya watu kumi na wanane, mimi ndiye niliyekuwa nayo. Amri ilikuwa wazi: ukungu ukishuka, usijibu sauti yoyote. Wiki iliyotangulia meli ya doria kama yetu ilijibu sauti ya Kiingereza, ikapigwa, hakubaki hata mmoja. Ningemjibu mtu nisiyemwona ningekuwa nimewaua wote. Jaji yeyote angesema nilitenda sawa. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukupunguzia uchungu. Nakuomba ufikirie hilo kabla hujakasirika.

Jeems

*

Torry
11 Oktoba 1919

Nahodha Leiper,

Mjerumani angelijuaje jina hilo?

E. Caie

*

Granton
23 Oktoba 1919

Elspet,

Nimeiweka karatasi yako kwenye dirisha la chumba cha usukani siku kumi na moja.

Asingelijua. Ubavuni tulikuwa na namba tu, na kwenye vitabu vyao vya vita, kama tulikuwamo, tulikuwamo kwa jina la Tansy. Jina lile walilijua watu wa Torry na mwenye meli, basi. Wattie alikuwa na akili kuliko sisi sote. Alijua tumeonywa, alijua tukisikia mtu anaita kwa Kiingereza tutanyamaza. Akatafuta neno moja ambalo Mjerumani hawezi kuwa nalo, atujulishe kuwa ni yeye. Alikivunja kiapo chetu ili tumwamini. Na sisi kwa sababu alikivunja tukamwona amekwisha kufa.

Haya niliyaelewa asubuhi ile nilipoona mashua imepinduka na ndoo ya kuchotea maji imefungwa kwa fundo la Wattie, maana yake alikuwa humo hai akichota maji. Kabla ya hapo, nakuapia, niliamini. Sikufikiria nyambizi hata kidogo. Amri niliikumbuka baadaye, nikaishika, kwa sababu ilikuwa inaandikika kwenye ripoti. Ile meli haikuzama ghafla, na hawakuwa ndani yake. Tebbutt alivua koti lake, alitaka kushusha boya la kuokolea. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Murdo hakuita kabisa, nadhani alikuwa anapiga kasia.

Kuna baya zaidi, na hili Tebbutt halijui. Niliporudi Torry siku ya maombolezo, nilisikia wanawake wananong'ona mlangoni pako kwamba ulifua. Elspet, nilipumua. Nilisema moyoni, kumbe ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla hatujafika Orkney, kumbe nisingeweza kumwokoa. Niliitwaa habari ya fulana ile nikajifunika nayo miaka miwili na nusu. Kila kikapu cha samaki nilichokuletea kilikuwa cha kukulipa, na kila nilipokuona umekonda nilijua kwa nini, nikala biskuti yako, nikaenda zangu. Uliponiandikia Septemba, nilikuwa na kalamu mkononi. Neno moja lingekutoa. Nikaandika kwamba sikulaumu.

Jumanne wameliandika jina la zamani puani mwa meli, herufi nyeupe, kubwa kuliko zamani. Isa Birnie. Mabaharia wawili wa Torry wamekwisha kuacha kazi. Mimi pia nimemwambia mwenye meli atafute nahodha mwingine. Jana asubuhi ukungu ulirudi, na ile filimbi ikalia. Safari hii nilikitoa kizibo. Nikasema bombani, "Nipo, Wattie. Tuko hapa. Isa Birnie iko hapa." Nikaweka sikio hadi likauma kwa baridi. Hakukuwa na kitu ila harufu ya makaa ya zamani.

Ya Novemba najua yamekwisha. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Jeems Leiper

*

Torry
27 Oktoba 1919

Nahodha Leiper,

Ndoa hakuna, kanisani nimekwisha kufuta. Samaki usilete tena.

Ile fulana niliyoifua ilikuwa imekunjwa sandukuni tangu siku ile, sijawahi kuigusa. Juzi niliitoa nikaivaa, nikaenda nayo kazini. Wanawake waliacha kazi wakanitazama. Mmoja akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia ni fulana tu, na kuna baridi.

Barua yako sijamsomea mama mkwe. Kazi hiyo ni yako. Jumapili utapanda treni ya asubuhi, na saa nane mchana utakuwa hapa. Usipite uani. Ingia mlango wa mbele, mtaa ukuone. Atakuwa kwenye kiti chake karibu na moto, na pengine atautazama ukuta. Utamwambia yeye kwanza. Utamwambia kuwa maji yangu ya povu hayakumchukua mwanawe, na utamwambia yaliyomchukua, na hutataja nyambizi. Nitakuwa napika. Nataka kuona kama atakula.

Kisha utakaa mezani na mimi. Sitaki uniombe msamaha siku hiyo. Kikohozi cha Wattie nakikumbuka, na viatu vyake kwenye ngazi, lakini sauti yenyewe imeanza kunitoka, Jeems. Nimejaribu wiki hii yote na siipati. Tebbutt alimjua miezi michache tu, na alidhani ni jina la mwanamke. Wewe ulimjua tangu utotoni, na wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Utaniambia alivyoita. Mara ya kwanza, kisha ya pili, kisha ile ya tatu iliyokatika. Taratibu, na usiruke hata moja.

Elspet Caie